Ghorofa nane kwenye ploti ya mbili kwa mbili: shajara ya kete zangu za mbao

2 Machi

Nimeanza hii shajara leo juu karatasi zangu za michoro zinapotea kila wiki, zingine mpwa wangu amezichorea magari kwa nyuma. Mradi wenyewe ni huu: nataka kutengeneza mchezo wa kupanga kete za mbao kwenda juu kama ghorofa, alafu uwe pia ni fumbo, yaani mtu akiwa peke yake ana kazi ya kufikiria na wakiwa wawili wanaweza kushindana. Kete ni nane. Kila kete ni vichemraba vinne vimegundishwa uso kwa uso.

Kwa nini nane? Chukua vichemraba vinne, kaa navyo mezani, viunganishe kila njia unayoweza, hesabu ile inayokunja kushoto na ile inayokunja kulia kuwa tofauti, na utafika nane basi, hakuna ya tisa. Mimi nimeitafuta ya tisa jioni nzima stima ikiwa imepotea na sijaipata. Vichemraba vitatu vinakupa maumbo 2 peke yake, hapo hakuna mchezo. Vitano vinakupa 29, hapo mtu anachoka hata kuyajua. Nane unaweza kuzijua kwa jina moja moja kama watoto wa nyumbani, na kwangu hiyo ni muhimu sana, mtu aitambue kete kwa vidole kabla hajaiangalia.

Majina nimeyatoa mwenyewe. Nguzo ni vinne kwenye mstari mmoja. Jembe ni vitatu na kimoja pembeni kule mwisho. Nyundo ni vitatu na kimoja kinatoka katikati. Ngazi ni viwili na viwili vimepishana. Slebu ni mraba bapa. Kigoda ni kichemraba cha kona na vingine vitatu vinatoka kwake kila kimoja na upande wake, ukikishika ile kona juu unaona miguu mitatu. Alafu kuna Pacha wawili, ambao wanaenda mbele, wanakata kona, kisha wanapanda juu, mmoja wa kushoto na mmoja wa kulia.

Sasa hesabu iliyoninyima usingizi: kete nane mara vichemraba vinne ni 32. Ukiwa na ploti ndogo kabisa, ya vichemraba viwili kwa viwili, kila orofa inakula vinne. 32 gawa kwa 4 ni orofa nane kamili, hakuna kinachobaki wala kinachopungua. Hapa kwetu mtaa wa Umoja, Nairobi, tunaishi katikati ya ghorofa zimesimama kwenye ploti ndogo hivyo hivyo, kwa hivyo jina halikunisumbua. Mchezo unaitwa Ghorofa.

9 Machi

Nimetumia wiki nzima kusoma walichofanya waliotangulia, na kuna jambo limenifurahisha sana. Jenga, ule mchezo kila mtu anaujua, ni wa Leslie Scott, na huyu mama alizaliwa Tanzania na kukulia huku Afrika Mashariki. Familia yao ilikuwa Ghana miaka ya 70, wakawa wanacheza na vipande vya mbao kutoka kiwanda cha mbao cha Takoradi, na mwaka wa 1983 akauonyesha mchezo kwenye maonyesho ya vitu vya kuchezea London ukiwa na jina la Kiswahili, kutoka kujenga. Vipande 54, orofa 18 za vitatu vitatu. Nimekaa nikafikiria, neno letu hili la kila siku, la fundi na mkandarasi, linatamkwa sebuleni dunia nzima na wengi hawajui lilitoka wapi.

Alafu kuna fumbo la Soma, la Piet Hein wa Denmaki. Kete saba zinazotengeneza mchemraba wa 3 kwa 3 kwa 3, na jina lake halihusiani na kusoma kwetu ingawa nikiliona tu nasoma kwa Kiswahili. John Conway na Michael Guy walitafuta majibu yote kwa mkono mwaka wa 1961 wakapata 240, bila kuhesabu yale yanayofanana ukiligeuza au ukiliangalia kwa kioo. Kete sita kati ya zile saba ni hizi hizi zangu. Piet Hein aliacha Nguzo na Slebu juu hazina kona ya ndani, akaongeza moja ya vichemraba vitatu. Mimi nazirudisha hizo mbili alizoacha, na nafikiri ndizo zinazoleta ujenzi, juu bila nguzo na bila slebu utajengaje?

16 Machi

Nimenunua mbao. Saiprasi, inchi mbili kwa mbili, muuzaji akaniambia imekauka kabisa. Fundi wa msumeno akanipasulia vijiti vya milimita 25 kwa 25. Msumeno unakula milimita 3 kila unapokata, kwa hivyo vichemraba 32 vinataka kama sentimita 90 za kijiti, futi tatu zinatosha tu kwa shida. Nimekata seti mbili, nikapiga msasa kwa kusugua kichemraba kwenye msasa uliobandikwa juu ya kioo, sio msasa kwenye kichemraba, hapo ndipo uso unabaki bapa. Vidole vinauma lakini vimetoka vizuri, vinanukia.

Mvua imeanza usiku huu.

30 Machi

Hasara. Vichemraba si vichemraba tena. Ile mbao haikuwa imekauka hata kidogo, nimeviweka juu ya kabati karibu na jiko wiki mbili na leo nikavipima na vania, kile kifaa cha kupimia hadi sehemu ndogo za milimita: upande unaofuata nyuzi za mbao ni milimita 25.0 vile nilikata, upande unaokata nyuzi ni 24.3. Mbao inaponyauka haipungui urefu wa kuonekana, inapungua upana, na mimi hilo nilikuwa nalijua kwa mdomo tu. Tofauti ya 0.7 mtu anaweza kuona si kitu. Lakini zipange orofa nane kwenda juu, nguzo moja imegeuzwa hivi na nyingine vile, ni milimita 5.6 za tofauti kwa kichwa, Slebu ikikaa pale juu inacheza kama meza ya kibanda. Fumbo la aina hii linakufa hapo hapo, juu mchezaji hajui kama kete haiingii sababu amekosea au sababu mbao imekosea. Hiyo kwangu ni dhambi kubwa kuliko zote, mchezaji akishaanza kuilaumu mbao ameacha kufikiria.

Niliumia siwezi kudanganya. Seti mbili nzima, jioni sita za kupiga msasa.

6 Aprili

Nikiwa nasubiri mbao nyingine nimecheza na mabaki. Kuna hii ya zamani kabisa ya mbao kuning'inia ukingoni mwa meza. Nilikata mbao nne bapa za sentimita 24 zinazolingana, nikazipanga moja juu ya nyingine, kila moja imechomoza kidogo kuliko ile ya chini yake. Ya juu kabisa inaweza kuchomoza nusu ya urefu wake, inayofuata robo, inayofuata sehemu ya sita, ya chini sehemu ya nane. Kwa sentimita ni 12, 6, 4 na 3. Jumlisha: 25. Mbao ni ya 24! Yaani ile ya juu kabisa yote iko nje ya meza, chini yake ni hewa tupu, na hakuna gundi wala msumari. Ukiipanga kwa vipimo hivyo kamili iko kwenye wembe inaanguka ukipumua, kwa hivyo nilirudisha kila moja milimita mbili ndani, na ikasimama, na mpwa wangu akapitisha karatasi wima kati ya ukingo wa meza na ile mbao ya juu kuhakikisha. Akanyamaza kidogo alafu akasema, "Anko, hii inasimama na nini?"

Inasimama na uzito wa zenyewe. Chukua kila mbao pamoja na zote zilizo juu yake, katikati ya uzito wao haijapita ukingo wa ile inayoibeba. Nimeandika hii hapa juu imenipa sheria ya kwanza ya Ghorofa: kete lazima ishuke kutoka juu na isimame yenyewe, hakuna kushikilia kwa mkono mwingine ukingoja kete ya kuja kuiokoa.

20 Aprili

Kuna mzee fundi wa fanicha pale Ngong Road, wale wa kando ya barabara, nimekuwa nikipita kwake kumwamkia. Zaidi ya wiki moja iliyopita alinipa mfuko mzima wa mabaki ya mahogani bure, mbao imekaa kwake zaidi ya mwaka chini ya mabati. "Kijana," akaniambia, "mbao ni kama maharagwe, usiipike kabla haijakauka, itakusumbua." Nimekata upya, nimeacha wiki moja kabla ya kupima, vania inasoma 25.0 pande zote tatu au inakosa kwa unywele.

Nikagundisha kete zote nane usiku mmoja, na usiku huo huo nikajenga orofa nane! Nilipanga zile kete sita bila Pacha, zikatoa orofa sita, Slebu imelala juu kama paa, alafu wale Pacha wawili wakaumana wakatoa mchemraba safi wa mbili kwa mbili kwa mbili, nikaupandisha juu. Nane kamili. Nikachora kila orofa kwenye daftari ukurasa wa 12 na nikalala nimefurahi.

Asubuhi nikawa na wasiwasi. Ilikuwa rahisi mno. Nikachukua Pacha mmoja nikaenda naye kwenye kioo cha bafuni, nikamshika mbele ya kioo, na yule wa ndani ya kioo hakufanana na mwenzake aliye mkononi. Wote wawili nimewagundisha wa kushoto.

Na hapa kuna siri nzuri ambayo singeijua bila hilo kosa. Pacha wawili wa mkono mmoja wanafunga mchemraba kamili. Wa kushoto na wa kulia hawafungi kamwe, ugeuze vile utageuza. Toa Pacha wa kushoto kwenye mchemraba wa vichemraba nane na shimo linalobaki ni Pacha mwingine wa kushoto, sio wa kulia. Inakaa kinyume na vile akili inatarajia, juu mikono yetu miwili, wa kushoto na wa kulia, ukiifumbata inakutana vizuri. Hawa hawakutani. Nimekata mmoja kwa msumeno mwembamba kwenye kiungo cha gundi, nimemgundisha upya kwenda kulia.

4 Mei

Siku kumi na mbili za kutafuta, kila jioni baada ya kufunga duka. Leo saa nne usiku orofa nane imesimama, Pacha wa kushoto na wa kulia wote ndani, kila kete imeshuka kutoka juu na hakuna niliyoishikilia.

Nataka kuandika vile ilienda polepole juu mikono bado inaikumbuka. Ploti ina kona nne. Wa kwanza ni Pacha, analaza vichemraba vitatu chini na cha nne kinapanda kwenye kona moja. Kona ya chini iliyobaki wazi inaingia Nguzo, inasimama peke yake kama mlingoti hadi orofa ya nne. Ngazi inakuja wima, mguu wake mfupi unakanyaga Pacha huku na kichwa chake kinapanda juu ya ile kona ya Pacha iliyoinuka. Sasa kona moja ina pengo refu la orofa tatu. Jembe linaingia hapo likiwa wima na ile ndoana yake inaangukia juu ya Ngazi, tap, unasikia. Na ukipitisha kiganja juu orofa ya nne iko bapa kabisa, vichwa vinne vya mbao, kimoja cha Nguzo, kimoja cha Ngazi, viwili vya Jembe.

Slebu ikalala juu, orofa ya tano yote ni yake.

Alafu Kigoda, kimekaa kwa vichemraba vitatu na mguu mmoja unaangalia juu. Nyundo wima kwenye kona iliyo wazi, kile kichwa chake cha katikati kinakanyaga Kigoda. Lilibaki pengo la umbo la ajabu, na mkononi nilikuwa na Pacha wa kulia. Nilimgeuza mara tatu. Akaingia.

Sikupiga kelele juu watu wamelala, nilikaa tu nikiliangalia. Sentimita 20 za mbao.

18 Mei

Nyundo imepotea. Wageni walikuja, watoto wakacheza, kete zikarudi kwenye mfuko saba. Tumetafuta chini ya makochi yote.

Sasa nikafikiria, sawa, zimebaki saba, vichemraba 28, orofa saba kamili, mchezo uendelee. Tukajaribu mimi na mpwa wangu jioni mbili. Tulikuwa tunafika orofa ya sita na kubaki na kete moja ambayo inakataa kwa kichemraba kimoja. Kila mara kimoja. Hapo ndipo nikashuku kuna kitu.

Nikachukua kalamu ya wino nikapaka vichemraba kama ubao wa drafti, ule watu wanachezea visoda hapa nje, cheusi cheupe cheusi cheupe, kila jirani rangi tofauti, pia kwenda juu. Jengo la orofa saba lina vyeusi 14 na vyeupe 14, lazima, juu kila orofa ina viwili viwili. Sasa angalia kete. Nguzo ina viwili na viwili. Jembe viwili na viwili. Ngazi, Slebu, Pacha wote, viwili na viwili. Lakini Kigoda ile kona yake ina rangi moja na miguu yote mitatu ina rangi nyingine: moja kwa tatu. Kwa hivyo kete zile saba kwa jumla zinatoa 13 na 15, hata ukizigeuza hadi mwisho wa dunia. Orofa saba haijengeki. Sio kwamba ni ngumu, haipo.

Na Nyundo? Nyundo nayo ni moja kwa tatu. Ndiyo ilikuwa inamsawazisha Kigoda. Hao wawili wanategemeana, ukipoteza mmoja mwingine anaharibu jengo lote, na wakiwa wote ndani ile kona ya Kigoda na katikati ya Nyundo lazima ziwe rangi tofauti. Mpwa wangu ana miaka tisa na alielewa hii haraka kuliko vile nilikuwa najiandaa kumweleza, alichukua Kigoda akahesabu, akachukua Slebu akahesabu, akasema, "Kwa hivyo tulikuwa tunasumbuka bure jioni mbili, Anko." Nikamwambia si bure, sasa tunajua.

Nimetengeneza Nyundo mpya. Na nimeamua seti zote zitapakwa rangi mbili hivi, mkaa na mbao asili, kwa kuchoma uso kidogo na chuma cha moto, ili mtu anayetaka kuona aone.

1 Juni

Sehemu ngumu: kutoka fumbo hadi mchezo. Fumbo ukilimaliza umelimaliza. Mchezo lazima urudiwe.

Jaribio la kwanza: wachezaji wawili, kete nane mezani, kila mtu kwa zamu anachagua kete na kuishusha ndani ya ploti, haruhusiwi kuacha pengo lililofunikwa chini yake, na jengo lisipite orofa nane. Asiyeweza kuweka ameshindwa. Tulicheza mara kumi na tano na jirani wa mlango wa tatu, na mwisho wake tukaona tatizo, kila mtu anakimbilia kete rahisi, Slebu na Nguzo zinaisha mapema, Pacha wanabaki wanaogopwa. Kulikuwa na ushindani lakini hakukuwa na stori.

Mpwa wangu ndiye alileta dawa. Aliona tunabishana akasema kwani usimchagulie mwenzako? Yaani wewe unamkabidhi mpinzani kete, na yeye anaamua tu pa kuiweka. Mchezo uligeuka pale pale. Unaangalia jengo, unatafuta ni kete gani itamtesa, lakini ukimpa Pacha sasa na akapata nafasi nzuri umemfungulia njia. Na ile hesabu ya rangi inaanza kufanya kazi, ukiona Nyundo imekaa na katikati yake iko kwenye nafasi nyeusi ya ile drafti unajua kona ya Kigoda itahitaji nafasi nyeupe, unaanza kuziba hizo nafasi orofa tatu kabla.

Hii ya kumchagulia mpinzani kete haijaanzia kwetu, iko kwenye Quarto ya Blaise Müller ya mwaka wa 1991, na nimemwambia mpwa wangu hivyo, kwamba amefika peke yake mahali ambapo mtu mzima alifika kabla yake. Alifurahi. Kuna pia Rumis, ya kete za vichemraba zinazopangwa juu kwa rangi nne na mshindi ni yule rangi yake inaonekana zaidi ukiangalia kutoka juu. Nimesoma sheria zake zote kwa makini. Yetu ni tofauti, seti ni moja kwa wote wawili, hakuna rangi yangu na yako, jengo ni letu sote na kila mtu anataka mwenzake ndiye alikwamishe.

15 Juni

Watu wananiuliza kama nimesajili. Nimesoma Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001, hii inayosimamiwa na KIPI, taasisi ya mali ya viwanda ya Kenya, na inasema wazi kwamba kanuni za kucheza mchezo hazihesabiki kuwa uvumbuzi wa kupewa hataza, yaani patent. Kwa hivyo ile sheria ya kushuka kutoka juu na ile ya kukabidhi kete ni za kila mtu. Jina linaweza kusajiliwa kama alama ya biashara, na muundo wa sanduku unaweza kulindwa kama muundo wa kiviwanda. Sijaona ubaya. Maumbo nane ya vichemraba vinne si yangu wala ya mtu, yalikuwepo. Kazi yangu ni mbao iwe kavu, kona iwe 90, na mtoto apewe kitu ambacho hakimdanganyi mkononi.

Seti ya tatu na ya nne zimekamilika. Sanduku limekataa mara mbili, liliachwa nafasi ya milimita 0.5 na halikufungua juu hewa inafyonza kama pampu, sasa naacha 1 na nimetoboa tundu chini.

29 Juni

Baridi ya Nairobi imeingia kweli, gundi inachukua usiku mzima kushika. Nimempelekea mzee wa Ngong Road seti yake, ya mahogani yake mwenyewe.

Alijenga ile orofa nane kutoka kwa mchoro wangu wa Mei, polepole, akiwa amekaa kwenye stuli bila kusema chochote. Alipomaliza hakusifu. Alipitisha ukucha kwenye ukuta wa jengo, kuzunguka pande nne, pale orofa ya nne inapokutana na Slebu. Alafu tena pale Slebu inapokutana na ya sita. "Hapa mstari unapita wazi pande zote," akasema. "Na hapa." Akainua orofa tatu za juu zote kwa mara moja, kama kofia, akaziweka chini mezani. Akainua Slebu akailaza juu ya hizo tatu. Akapandisha zile nne juu ya Slebu. Bado ni orofa nane. "Hii si ghorofa moja, kijana. Hizi ni nyumba tatu zimebebana. Fundi wa mawe hawezi kukubali, jiwe la juu lazima likalie kiungo cha chini."

Nimerudi kwenye matatu nikiwa nafikiria hilo tu, nikapita stejini kwangu.

Jengo lisilo na mkato. Slebu ikilala inakata, hilo ni wazi, imechukua orofa yote peke yake. Kwa hivyo Slebu lazima isimame wima. Nimejaribu tangu saa moja jioni na bado orofa nane haijakubali. Lakini saa tano hivi nikakumbuka daftari, ukurasa wa 12, lile jengo la Aprili la Pacha wawili wa kushoto ambalo nililiona ni kosa. Nikalijenga tena bila Pacha. Nguzo kwenye kona. Jembe kwenye kona jirani, ndoana yake chini. Nyundo mkabala wa Jembe, kichwa chake juu ya ile ndoana. Ngazi inapanda juu ya kichwa cha Nyundo na kuvuka kwenda juu ya Nyundo yenyewe. Alafu Kigoda, kimepinduliwa, mguu mmoja unashuka kwenye pengo la Jembe na miguu miwili inafunika Nguzo na Ngazi kama kifuniko cha sufuria. Nikatoa ile Slebu ya juu, nikaacha hizo tano.

Kete tano, orofa tano. Nimepitisha ukucha kama mzee, kila orofa, pande zote nne, na kila mahali ukucha unagonga mbao inayovuka. Hakuna mkato hata mmoja. Lilikuwa hapo tangu Aprili chini ya Slebu.

Kesho asubuhi kabla ya kufungua duka nitapitia Ngong Road nimwonyeshe. Zile tatu zilizobaki, Slebu na Pacha wawili, ziko hapa kando ya kikombe, na nimeanza kuangalia ni wapi kwenye hizo tano ninaweza kufungua niziingize.